Filta ya Kubeba Mgongoni

Lidwina ni fundi cherehani wa Lizaboni, Songea, na kama mafundi cherehani wengi, anaamini hakuna kitu duniani kisichoshoneka. Sare za shule, mapazia, majoho ya kwaya, hata kiti cha pikipiki kilichochanika, vyote vimepita chini ya sindano yake. Ndiyo maana alipotengeneza filta ya maji ya kubeba mgongoni, mara ya kwanza aliharibu.

Lakini kwanza sababu. Baba mkwe wake, mzee Kajetani, alikuwa na nadhiri. Mwanawe Amedeus, ambaye ndiye mume wa Lidwina, alipata ajali ya pikipiki akalazwa hajitambui. Mzee akamwahidi Bikira Maria kwamba kijana akisimama tena, yeye ataungana na wanahija wa parokia, aende kwa miguu mpaka kwenye groto, pango la sanamu ya Bikira Maria, la kigango kimoja upande wa Madaba. Amedeus akasimama. Mzee akaenda, mwaka jana, na hakufika. Njiani maji ya kuchemsha yalikuwa bado ya moto, kiu ikamzidi, akainama kijitoni akanywa kwa viganja. Aliharisha mpaka macho yakazama, akarudishwa Songea nyuma ya lori la mahindi. Daktari akaiambia familia kwamba safari hii figo zimenusurika, safari nyingine hatawaahidi kitu.

Mwaka huu hija ilipotangazwa kanisani, mzee akasema anakwenda. Amedeus akakataa, mashangazi wakakataa. Mzee hakubishana na mtu. Chakula alikigusa pembeni tu na kukiacha. Lidwina ndiye aliyekuwa akirudisha zile sahani jikoni, na Jumapili moja, ukoo mzima ukiwa umekaa, alijikuta amefungua mdomo.

"Mwacheni baba aende. Nitakwenda naye mimi. Maji ya mtoni hayatamgusa mdomo, na nitamrudisha mzima."

Amedeus akamgeukia mkewe. "Haya," akasema. "Tumekusikia wote."

Hilo ndilo lililomnyima Lidwina usingizi. Wote walikuwa wamesikia kweli. Mzee akipatwa na jambo njiani, hakuna shangazi atakayelaumu kijito. Watasema mkwe ndiye aliyemchukua akampeleka kufa.

Nyumbani kulikuwa na filta ya zamani, ile ya ndoo mbili za alumini zinazobebana, yenye vichujio vyeupe vya udongo, viitwavyo mishumaa, ndani ya ndoo ya juu. Ndoo hazibebeki safari ya siku kadhaa, lakini mshumaa mmoja unabebeka. Lidwina akawaza: badala ya ndoo, mfuko mwepesi. Ukiutundika mtini, maji yatapita kwenye mshumaa na kushuka yenyewe kwa mrija wa mpira mpaka kwenye dumu. Akachukua kipande cha turubai, akashona mfuko mzuri ajabu, mishono miwiliwili kama suruali ya askari, akaujaza maji. Ukavuja kwenye kila tundu la sindano. Pankrasi, fundi pancha wa jirani, aliyekuwa amekuja kuchukua kaptula yake, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Dada Lidwina, hilo si bomba la kuogea hilo?"

Lidwina akakasirika, akashona upya kwa uzi mwembamba zaidi. Ukavuja tena, safari hii kwa unyenyekevu. Ilimwia vigumu kukubali kwamba adui ni sindano yenyewe, ile ile inayomlisha. Hatimaye alilikunja turubai bila kulishona, kama wauza karanga wanavyokunja karatasi, mishono akaipeleka juu kabisa maji yasipofika. Kwenye kitako akatoboa tundu moja, akapitisha mguu wa mshumaa. Pankrasi akamkatia vipande viwili vya mpira wa tairi, kimoja ndani na kimoja nje, wakakaza nati. Kutoka hapo mpira mwembamba ulishuka mpaka kwenye dumu jeupe la lita tano. Maji yakaanza kudondoka, tone baada ya tone, taratibu kama mtu asiye na safari.

Mzee Kajetani alipoukuta mfuko umetundikwa kwenye mparachichi uani, alisimama akautazama. "Hii dripu," akasema. "Mnanitundikia dripu kabla sijaumwa." Lakini alisema hivyo huku akiulizia viatu vyake vilipo.

Njiani mambo yalikwenda vizuri kuliko Lidwina alivyothubutu kuomba. Kila walipopumzika alitafuta tawi. Wanawake wenzake waliokuwa wakimtania, wakimwita nesi, walianza kumsogelea na vikombe. Mzee alikunywa, akatembea, akasali rozari yake, usiku akakoroma.

Mchana mmoja wakafika kijiji walichopangiwa kulala. Wenyeji walitoka kuwapokea kwa nyimbo, kila mama akamchukua mgeni wake na mzigo wake. Lidwina na mzee walimpata Mama Otto, mjane mcheshi aliyewanyang'anya begi na dumu kabla salamu hazijaisha. Lidwina akamwacha mzee kibarazani, akaenda na wanawake kusaidia kuni za wapishi.

Aliporudi, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkononi ana kikombe kitupu. Pembeni yake dumu jeupe lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Mfuko wa turubai ulikuwa bado umekunjwa ndani ya begi.

"Mama Otto," Lidwina aliuliza, "haya maji yametoka wapi?"

"Hapo bondeni, mwanangu. Nimekuta dumu lenu tupu nikaona aibu. Chombo cha mgeni hakikai kitupu kwangu. Mzee nimemmiminia, kakata kikombe chote."

Lidwina amgombeze mama huyu kwa kosa gani? Yeye mwenyewe, mgeni angekuja kwake na dumu tupu, angelijaza bila kuuliza. Alishukuru, akalichukua dumu kama mtu anayekwenda kunawa, akazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mpera karibu na choo. Akatundika mfuko, akamimina humo maji ya bondeni, akalisuuza dumu kwa maji ya kwanza yaliyochujika, akaliweka chini ya mpira. Alijua amechelewa, lakini mikono ilitaka kazi.

Njia ya kumuuliza mzee mwenyewe hakuwa nayo. Mkwe humsalimu baba mkwe wake, humwandalia, humuuliza kama amechoka. Habari za tumbo lake haulizi. Hata mwaka jana, mzee alipokuwa taabani, Lidwina aliishia mlangoni na beseni, Amedeus akalipokea. Basi akakaa anachambua maharage ya Mama Otto, macho yakiwa kwa mzee aliyejilaza mkekani. Mzee akigeuka, moyo wake unageuka naye.

Jua likianza kupoa, mzee akainuka ghafla, akazunguka nyuma ya nyumba.

Lidwina akaacha kuchambua. Mzee alirudi, akajilaza. Haukupita muda, akainuka tena, akaelekea kule kule, safari hii kwa haraka. Akilini Lidwina aliliona lile lori la mahindi, akaziona nyuso za mashangazi. Alijaribu kusali, akajikuta anamlaumu Bikira Maria kwamba nadhiri aliwekewa yeye, mbona hailindi. Akasukuma ungo pembeni. Adabu baadaye, alijiambia, akamfuata.

Mzee hakuwa chooni. Alikuwa ameinama chini ya mpera, anachungulia ndani ya dumu.

"Baba?"

"Dripu yako leo inajivuta, mama," alisema bila kugeuka. "Hii mara ya pili nakuja, hata kikombe haijajaza."

"Lakini mmeshakunywa, baba." Alimsemesha kwa wingi, kama alivyofanya siku zote. "Mama Otto amesema mmekata kikombe kizima."

Mzee alitupa jicho kuelekea nyumbani, akashusha sauti. "Nilimwona akipandisha maji kutoka bondeni. Mgeni hakatai maji, nikapokea. Alipoingia ndani nikayapa maua yake. Ulisema neno mbele ya ukoo kwa ajili yangu. Ningeyanywaje?"

Lidwina alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, mbele ya baba mkwe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Machozi yakamtoka na kicheko kikamtoka, hakujua azuie kipi. Alipotulia aliinamisha dumu, akapata nusu kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mzee alikunywa polepole mpaka mwisho, akarudisha kikombe.

"Ongeza."

"Hakuna, baba. Mpaka yadondoke."

"Basi tungoje." Akavuta jiwe akakaa. Lidwina akabaki alipo, upande wa pili wa dumu, wote wawili wakitazama mpira.

Simu ikaita. Alikuwa Amedeus, na hakuanza kwa salamu. "Baba anaendeleaje?"

"Ana kiu," Lidwina akamwambia, kicheko kikimrudia. "Baba ana kiu tu."