Dume, Jike na Betri ya Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasulu, Fundi Mkuu hakuniruhusu kugusa chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Alinipa kopo la plagi ndogo, zile zinazounganisha betri na vigari vya kuendesha kwa rimoti, akaniambia nichomeke na kuchomoa mpaka kidole gumba kijue ipi imelegea. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nikadhani ananidharau. Kumbe na yeye alianza hivyo hivyo, kwenye redio, kabla mimi sijazaliwa.

Ninyi mnaoanza sasa niwaeleze kidogo. Plagi ina pande mbili. Dume lina pini zilizotokeza nje, jike limezificha ndani ya plastiki. Kwenye betri huwekwa jike, siku zote, kwa sababu betri ina umeme hata ikiwa imelala mfukoni. Pini zake zikibaki wazi zikaguswa na chuma, ni shoti, na betri inaweza kuwaka. Fundi Mkuu alikuwa anachomeka dume ndani ya jike kwanza, ndipo ayeyushe risasi kushika waya, ili plastiki ikipata joto pini zisihame. Waya mbili za betri hakuzikata kwa mkato mmoja hata siku moja, maana koleo lingezigusanisha zikapiga shoti. Risasi yake ikipoa ilimeta kama tone la maji. Wenzangu walikuwa wanaangalia mpira, mimi naangalia mikono ya yule mzee.

Baada ya miaka miwili akanipeleka tawi la Kibondo, nikae peke yangu. Wateja wengi walikuwa watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Jumapili jioni walishindanisha vigari uwanjani, na vumbi jekundu likaingia kwenye kila plagi. Mshindani mkubwa alikuwa Daktari mmoja, mtu wa Tanga, mcheshi. Akishindwa alikuwa ananiambia, "Dada fundi, gari langu limepata degedege, lilaze wodini."

Siku ya kunikabidhi tawi, Fundi Mkuu alisema macho yake yameanza kuchoka. "Nikistaafu, ama nakuachia meza zote mbili, ya Kasulu na ya Kibondo, ama nauza vyombo. Kazi yako ndiyo itakayoniambia." Tangu hapo nikawa naota bango lenye jina langu, rangi ya bluu, na taa.

Ndoto hiyo ndiyo iliyoniponza. Asubuhi moja nilibadilisha plagi za Daktari pande zote mbili, akili iko kwenye bango. Kigari kikakimbia vizuri, Daktari akaichomoa betri, akaitia kwenye begi, akaondoka. Nikachukua kazi ya mteja aliyefuata, nikaona jike kwenye betri yake, nikaiweka chini. Kwa Daktari nilikuwa nimeweka dume.

Nilikaa na simu mkononi. Nikinyamaza, huenda asijue mtu. Nikisema, meza zimekwenda. Nikampigia Fundi Mkuu Kasulu.

"Mzee, shikamoo. Nimeweka dume kwenye betri ya Daktari."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Njiani, anakwenda Mabamba."

"Sasa unaongea na mimi kwa nini?"

Akakata. Nikampigia Daktari. Akaegesha gari lake kando ya barabara, akafungua begi. Betri ilikuwa imelala kando ya funguo zake. Aliviringisha zile pini kwa plasta ya vidonda, na jioni akaniletea, akisema mgonjwa amefika na bandeji yake.

Kesho yake Fundi Mkuu akashuka Kibondo. Sikuweza kumtazama usoni. Akavuta kigoda, akaniambia nirudie kazi ile mbele yake na mbele ya Daktari. Nilipomaliza alishika plagi, akaisogeza karibu na pua, akaizungusha, akampa Daktari.

"Nisomee wewe. Mimi pini sizioni tena."

"Jike, mzee," Daktari akasema.

"Ego," akajibu, kwa Kiha chetu, yaani ndiyo. Kisha akanigeukia. "Mimi kosa hili nililifanya Kasulu, nikalificha. Betri ikaunguza godoro la watu. Mpaka leo wanadhani ni mshumaa. Wewe umenipigia simu. Meza ni zako, mwanangu."

Nililia, sioni haya kuandika.

Sasa yeye amestaafu, analima maharage Rungwe Mpya. Bango la bluu limesimama, taa bado. Wiki iliyofuata baada ya siku ile ya Kibondo alikwenda kwa wale wenye godoro, akawaambia ukweli. Aliniambia walicheka, wakampikia. Nadhani hakuna bosi mwingine ambaye ningemheshimu hivyo.

Kila Jumamosi ananipigia. Haulizi wateja wala mapato. Anauliza, "Wiki hii umeharibu nini?" Nikimjibu sijaharibu kitu, hakati simu, anasubiri mpaka nikumbuke.