Swali Nililompa Mama

Mama aliniuliza falsafa ni nini siku ya pili tu ya likizo, tukiwa jikoni tunamenya maharage mabichi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni na, Mungu anisamehe, nilijiona nimefika. Nikamwambia ni mazungumzo. Mmoja anauliza, na akishauliza ananyamaza kabisa mpaka mwenzake ajibu. Hajijibu mwenyewe, wala hajazi kimya kwa maneno. "Hiyo tu ndiyo inakuweka miaka mitatu?" akasema, akacheka. Lakini aliipenda. Ikawa kila siku tunaulizana, na alinibana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Uvimbe wa shingoni ulikuwa umeshaanza kumkaba koo. Jumatatu tulikuwa tushuke hospitali ya Same, Jumanne apasuliwe. Labda ndiyo maana niliongea sana wiki ile. Mimi nikiogopa, mdomo haufungi.

Mama alikuwa na ushuhuda mmoja ambao jumuiya yetu nzima iliujua kwa moyo. Mdogo wangu alipokuwa mchanga alishikwa na homa kali, mvua zimekata barabara, hakuna gari la kushuka mlimani. Mama akaomba siku tatu, mtoto akapona. Wiki hiyohiyo, kwa homa ileile, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alifariki. Hiyo sehemu ya pili haikuwamo kwenye ushuhuda. Ijumaa, mikono kwenye ungo, nikamuuliza, "Mama, kwani yule jirani hakuomba?"

Akaacha kumenya. Alikaa na ganda moja mkononi kwa muda mrefu, hadi nikatamani nilirudishe lile swali kinywani.

"Aliomba," akasema. "Tulikuwa tunasikiana."

Kesho yake mchana jumuiya ilikutana kwetu. Kwetu mgonjwa anayeshuka hospitali hushuhudia kwanza, ndipo anaombewa. Mama akasimama. Yule jirani alikuwa kwenye benchi, pale anapokaa siku zote, kanga mapajani, tayari kuitikia amina kama alivyoitikia ushuhuda ule miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaumezaje. Mama akamtazama, akafungua mdomo, kisha akakaa.

"Mwingine aombe," akasema.

Watu walidhani ni koo. Mimi nilijua. Mwanamke anakwenda kulazwa chini ya kisu, na mimi na kiherehere changu nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa ameshikilia. Jumapili kanisani hakuimba. Tuliporudi, tulikula makande bila sala. Nikajitia kusema, "Mama, lilikuwa swali tu. Achana nalo." Akanitazama kama anavyonitazama nikiunguza uji.

"Si umeshauliza? Basi nyamaza."

Wodini alilazwa jirani na mama mmoja wa Hedaru, mcheshi, mwenye uvimbe kama wake, naye anapasuliwa siku hiyohiyo. Jumanne asubuhi binti yake alimshika miguu akamwombea kwa sauti, machozi yanamtiririka, na wodi nzima ikaitikia. Mama yangu hakuitikia. Alilala anatazama dari. Nilimwonea wivu yule binti hadi nikajichukia. Nikaona kabisa kwamba mama atakufa, na atakufa mtupu, na mimi ndiye niliyemvua. Nikapiga magoti palepale sakafuni, mimi ambaye sikuwa nimefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza.

"Mama, nakuomba, sali. Hata neno moja. Hata kama huamini."

Akageuza kichwa. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba. "Kumbe unadhani nimeacha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lile swali lako nimempelekea Mungu tangu Ijumaa. Ulisema mwenyewe, anayeuliza anyamaze mpaka ajibiwe. Nimenyamaza. Sijaondoka, mwanangu, nipo hapohapo nasubiri."

Nesi akaja na kitanda cha magurudumu. Nilikwenda naye hadi mlangoni, nimemshika kidole gumba. Ungedhani nilipata nafuu. Sikupata. Hofu ilihama tu mahali pake, maana sasa nilianza kuogopa atakachojibiwa.

Walimrudisha mchana, shingo imefungwa bandeji, anapumua vizuri. Daktari alisema kila kitu kimekwenda sawa. Nililia pale ukutani bila aibu yoyote.

Kufikia jioni kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa upya. Mama wa Hedaru alipasuliwa baada yake, na hakutoka hai.

Mama alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka polepole upande ule. Alikiangalia kitanda, shuka limevutwa hadi limenyooka, halafu akanigeukia mimi. Hakuweza kusema, na hakuhitaji. Nilikuwa na majibu manne ya swali lile, niliyosoma chuoni, yote nayajua hadi kurasa zake. Hata moja sikulitoa. Nikamshika mkono, tukanyamaza wote wawili.

Dirisha lilikuwa wazi. Yule binti alikuwa analia uani, na tulikuwa tunamsikia.