Zamu Yangu kwenye Simu ya Mjomba

Mama alipoolewa tena na kwenda Dar es Salaam, mimi nilibaki kijijini Mnyambe kwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Sikulalamika. Nilikuwa mtoto wa kimya, na wageni wakija nilijificha jikoni mpaka waondoke.

Mahali pekee nilipozungumza sawasawa palikuwa ndani ya kibanda cha ofisi ya simu, Newala mjini. Wakati ule kampuni ya simu ilikuwa moja tu nchi nzima, na waya wake ulipanda mlima kutoka Masasi, nguzo kwa nguzo, pamoja na barabara. Mama alituma salamu kwa watu wa basi kwamba Jumamosi fulani nipelekwe mjini. Bibi alinisindikiza, akabaki nje kwenye benchi, nami nikaingia na kufunga mlango. Nilimwamkia mama, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia. Nilimwambia pia nani kanichokoza kisimani, na ndoo ipi imetoboka. Wakati mwingine tulinyamaza tu, nikamsikia akipumua na magari yakipita nyuma yake. Karani alifungulia redio kwa makusudi ili asitusikie.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, na kampuni za watu binafsi zikaanza kuuza simu za mkononi. Ile kubwa ya waya ikaona inaachwa. Nayo ikatangaza simu zisizo na waya, na gari lake lenye kipaza sauti likafika hadi kwetu. Wazee waliuliza sauti itajuaje njia bila nguzo. Mwenye duka wa kwetu, Myao wa Masasi na mtani wa kila mtu pale, aliwaambia wasihangaike.

"Ninyi Wamakonde maji mnayateremkia bondeni," alisema. "Sasa na simu mtaipandia."

Alikuwa anatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mjomba alipouza korosho alinunua simu, na simu yenyewe haikushika mawasiliano popote isipokuwa juu ya kichuguu, nyuma ya mikorosho.

Mama akipiga, tulipanda mmoja mmoja kwa ukubwa wa cheo. Alianza mjomba. Aliuliza habari za mji, za mvua, za shemeji yake, za ndugu wa shemeji yake, kisha akatoa habari za korosho na za kila mgonjwa tunayemjua. Kwetu salamu haikatwi. Anayeikata ana msiba au ana hasira. Akafuata bibi, akafuata mke wa mjomba, na mtani naye, akiwa amekuja tu kuuza vocha, hakukosa kusalimia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilisema shikamoo, na mara nyingi salio la mama liliisha, marahaba ikakatikia njiani.

"Leo kasema neno zima," mtani aliwaambia watu. "Chinjeni kuku."

Ofisi ya mjini ilifungwa, maana watu hawakwenda tena. Kila mtu alisema sasa mama yuko karibu. Mimi nilimwona amekwenda mbali zaidi, na sikujua nimwambie nani.

Mwaka niliomaliza darasa la saba niliingia unyago. Mwali anapotolewa nje, mama yake hucheza mbele yake ili watu wamjue ni wa nani. Asiye na mama karibu huchezewa na mama mdogo, na hakuna anayemsema, ila watu humtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na swali moja tu: utakuja? Kabla sijaingizwa ndani mama alipiga, na nilisimama chini ya kichuguu nikilirudia swali langu kimoyomoyo huku mjomba akieleza bei ya dawa ya kupulizia mikorosho. Zamu yangu ilipofika, hapakuwa na mtu kwenye simu.

Mjomba alisema mama anawasalimu wote. Sikuthubutu kumuuliza kama alisema lingine.

Siku ya kutoka, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipakwa mafuta, nikafungwa kanga mpya, nikakalishwa kwenye mkeka, uso chini. Mwali hasemi wala hainui macho mpaka watu wamalize kumtunza zawadi. Nilitazama miguu tu. Kila miguu ya mwanamke iliyosogea niliichunguza, na haikuwa ya mama.

Ndipo mjomba akaja anahema kutoka kichuguuni. Mama alikuwa amempigia, akaomba nipelekwe kichuguuni, atapiga tena. Siku ile mwali hatembei, kwa hiyo kungwi wangu alinibeba mgongoni, na wapiga ngoma na wanawake wote wakatufuata mpaka kwenye mikorosho. Simu ilipolia mjomba hakuanza yeye. Aliiweka moja kwa moja sikioni mwangu.

"Usijibu, mwanangu," mama alisema. "Najua mwali hasemi. Niko njiani, Somanga, basi limekwama tangu jana na mbele hakupitiki. Hii simu nimeazima kwa abiria mwenzangu." Nyuma yangu ngoma zikaendelea kulia. "Nasikia ngoma zenu. Ngoja nicheze."

Nilisikia pumzi yake ikipanda, na miguu ikipiga matope. Mwanamume mmoja aliuliza huyu mama ana nini. Wanawake wa kwenye basi wakamjibu kwa vigelegele, na mama akazidi kucheza, mpaka sauti ikakatika.

Mjomba alinyoosha mkono. Bibi alikuwa nyuma yake, amekwisha kujifuta midomo tayari kusalimia, na mke wa mjomba nyuma ya bibi. Mimi niliendelea kuishikilia simu sikioni, uso chini. Hakuna aliyeweza kuniuliza kama mama bado anazungumza, kwa kuwa mwali hajibu.