Siku Mbuke Alipokwenda kwa Mwanawe

Mbuke Bujiku ni mjane anayeanika dagaa Nkome, kando ya Ziwa Viktoria. Wanawake wenzake walimchagua awaongoze mwaka ule jirani yao Apolonia alipopigwa na mumewe mpaka sikio moja likaacha kusikia. Mtaa mzima ulikuwa umesikia kelele zake, na kila mtu alisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

Walikubaliana jambo moja. Mwanamke akisikika analia kwa kipigo, walio kwenye vichanja wataacha kazi, waende wakakae uani kwake mpaka mwenyekiti wa kitongoji afike. Hawatukani wala hawagusi mtu. Wanakaa tu. Wanaume waliwacheka, ila walipoona wenzao wawili watatu wanafikishwa dawati la jinsia la polisi, kicheko kilipungua.

Asubuhi moja kilio kilitoka nyumbani kwa Boaz, mtoto wa pekee wa Mbuke. Wanawake waligeuka kumtazama. Apolonia alimshauri abaki, wao wangekwenda. Mbuke alijifuta mikono kwenye kanga, akatangulia.

Walimkuta Hosiana, mkwewe, amekaa kizingitini, damu inamtoka mdomoni. Boaz alisimama nyuma yake na mkanda mkononi.

"Mama, umewaleta hawa kwangu?"

"Nimekuja nao, ng'wanone," alimjibu, akimwita mwanangu kwa Kisukuma kama alipokuwa mdogo. "Weka huo mkanda chini."

Akakaa kando ya Hosiana. Wenzake nao wakakaa.

Kesi ilipoanza, ndugu wa marehemu mumewe walikuja kutoka Samuye kumsihi amshawishi mkwewe aiondoe. Walimuuliza ni mama gani anayempeleka mwanawe jela. Aliwapikia, wakala, wakaondoka wamenuna. Mahakamani alieleza alichokiona bila kupunguza, kisha akalia njia nzima ya kurudi.

Boaz alifungwa. Siku hizi ametoka, anachimba dhahabu huko Runzewe, na Hosiana na watoto wanaishi kwa Mbuke. Jumapili Boaz hupiga simu kuongea na wanawe. Mbuke ndiye huipokea. Humsalimia, husikia upande wa pili kimya, ndipo huwapa watoto. Hosiana alishamwambia awe anawaachia wenyewe waipokee, asijiumize. Mbuke alikataa. Anasema siku Boaz atakapoitikia, anataka awepo asikie.