Siku Nilipoitwa Shemeji Kando ya Silanga

Machakos hatuna ziwa, lakini usimwambie mtu wa Machakos. Juu vilimani, katikati ya mikaratusi, kuna bwawa la zamani lililochimbwa wakati wa mkoloni, na sisi tuliliita Ziwa kwa sauti kubwa, ungedhani meli zinapanga foleni kutia nanga. Chini yake bondeni kulikuwa na mabwawa mengine ya kunyweshea ng'ombe, silanga kwa Kikamba, na kila sikukuu watu wa mjini walipanda Ziwani na sufuria, redio na watoto, kwenda kupunga hewa. Waliipunga hewa ile mpaka ikaisha. Nakuambia, ikifika jioni ndege walikuwa wakipumua kwa zamu.

Sikukuu ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Oktoba, mwishoni mwa miaka ya tisini, mvua ikiwa bado. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya usiku. Mchana nilishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha Athi River, usiku nilikalia madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, na kidato cha nne nikakipita. Nilikuwa mtu mwenye raha. Tena nilikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea kutoka Mumbuni. Sisemi alikuwa mrembo. Nasema tu kwamba akipita sokoni nyanya zilikuwa zinaiva.

Kilichobaki ni kaka zake. Kwetu Ukambani mwanamume hupeleka mbuzi wa ntheo, na mbuzi hao wakishaliwa, binti ni mke wako hata kama kanisa mmelipita kwa nje tu. Lakini ni lazima nyumba ya binti itaje siku. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hivyo siku yangu ilikuwa mdomoni mwa kaka mkubwa, mwenye duka la misumari na saruji na pikapu moja nyeupe. Mdomo huo ulikuwa umefungwa mwaka mzima. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Aliniita Ngumbaru, kama masomo ya wazee wanaojifunza kusoma, na ndugu yake mdogo, karani wa kaunti kanso, yaani halmashauri, alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza analisikia.

Kwa hivyo mchumba wangu aliponiambia kwamba familia yote inaenda Ziwani na kaka mkubwa amesema nije, nilipiga pasi suruali mpaka mkunjo wake ungechinja kuku.

Mama yao pia alikuja. Hapa niseme jambo ambalo kila Mkamba amenyonya na maziwa: mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Ukikutana naye njiani unampisha kichakani, hamli sahani moja, na mwili wako usio na nguo hapaswi kuuona hata kwa bahati mbaya. Basi mama aliwekewa mkeka upande wa pili wa kichaka cha mitunda, ukingoni kabisa, na mimi nikakaa upande huu nikikisalimia kichaka.

"Mama, habari ya asubuhi," nikayaambia majani.

"Ni njema," majani yakajibu.

Ziwa lilikuwa limepungua. Pale palipokuwa maji mwezi wa Mei sasa palikuwa uwanja mpana wa kahawia, mkavu, umepasukapasuka kama ukoko wa ugali. Kaka wawili walikuwa juu ya mwamba wakivua kwa uzi. Mara uzi ukavutwa, ukajizungusha kwenye kisiki ukingoni mwa maji, ng'ambo ya ule uwanja, na samaki akawa anajirusharusha pale, mkubwa kama mlango wa posta.

Kaka mkubwa akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Shemeji," akasema, "si utuletee huyo samaki."

Shemeji! Msomaji, wewe hujui. Neno lile lilinipiga kifuani nikasikia mbuzi wangu wakilia mlangoni mwao. Nikavua viatu. Mchumba wangu, aliyekuwa akikata vitunguu, akasema, "Ngoja kwanza," lakini mimi nilishakuwa mbio.

Mimi ni mtu wa Kola. Kwetu mito ni mchanga. Mwezi wa Oktoba tunacheza mpira katikati ya mto, tunachimba kisima papo hapo, na lori la kubeba mchanga linapita na mzigo wake. Kitu chochote cha kahawia kilichokauka kati ya kingo mbili, kwangu ni barabara. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba silanga haifuati sheria za mto: juu ni ganda, chini ni uji uliotuama tangu wakati wa mkoloni. Watu wa Mumbuni walijua. Ng'ombe hufia pale kila kiangazi.

Hatua za kwanza ganda lilinibeba. Kisha likanong'ona, paa, na nikazama mpaka magotini. Nikavuta mguu mmoja, mwingine ukashuka mpaka pajani. Nikavuta huo, nikawa kiunoni. Nikatulia. Samaki akajinasua, akaenda zake.

"Shemeji!" nikaita. "Nimekwama!"

"Tumeona," akasema kaka mkubwa. Akashuka mwambani, akajipakulia wali na kuku, akaketi ukingoni kunitazama kama mtu aliye mbele ya televisheni. Yule karani akaketi kando yake. Watu wa sikukuu wakaanza kusogea, na kwaya nzima ya kanisa fulani na sare zake.

"Ati umesoma," akasema karani. "Tutajie mto mrefu Afrika."

Nilidhani nikijibu watanivuta. "Naili."

"Aaa, kweli amesoma! Mji mkuu wa Ghana?"

"Akra. Jamani, maji ni baridi huku chini."

"Chumvi ya kawaida kwa sayansi ni nini?"

"Sodiamu kloridi!"

Kwaya ikapiga makofi. Nilipita mtihani ule wote, nakuapia, hata hesabu ya pembetatu niliifanya kwa kidole juu ya tope. Kila jibu sahihi liliniteremsha kidogo. Mchumba wangu alisimama na kisu cha vitunguu, akasema, "Mtoeni, jamani, inatosha." Lakini niliona pembe za midomo yake zinamponyoka.

"Mwanamume wa kutushinda kwa Akra anashindwa na matope?" kaka mkubwa akamuuliza. "Atakulisha nini huyu, Naili?"

Hapo akacheka. Aliziba mdomo kwa mkono wenye kisu, nikaogopa kwamba atajikata.

Mwishowe kaka mkubwa akaosha mikono, akaleta kamba ya pikapu. Hakusimama pale karibu nami. Alizunguka ukingo polepole, akapita kichaka cha mitunda, akasimama upande wa pili, akanirushia. Nikajifunga chini ya kwapa. Sikuwaza, mtu anayezama hachagui bandari. Wakavuta, kwaya ikasaidia kuhesabu. Mimi nilitoka. Suruali haikutoka, wala kile kitambaa kidogo kilichokuwa ndani ya suruali. Matope yaliving'ang'ania, yakaniachilia kama punje ya harage inavyotoka gandani, nikateleza juu ya lile tope, kifudifudi kisha chali, mpaka kichwa changu kikagonga kitu laini.

Kilikuwa ukingo wa mkeka wa mama.

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza pia kwake. Kisha akavuta leso taratibu, akajifunika uso wote, na sauti ikatoka ndani ya maua yaliyochapwa.

"Huyu mtoto wa watu apewe nguo, aende kwao."

Mtoto wa watu. Hata mwizi wa mahindi huitwa hivyo.

"Umesikia," akasema kaka mkubwa, akikunja kamba yake vizuri. "Nthoni imevunjika. Tutapokeaje ntheo ya mtu ambaye mama amemwona mpaka huko?"

"Wewe ndiye umenivuta huku!"

"Mimi nilivuta kamba," akasema. "Aliyekuwa uchi ni wewe."

Nilipewa gunia la makaa. Nikajifunga, nikaanza kuteremka mlima kwa miguu, matope yakinikaukia mpaka nikawa ninalia kwa kila hatua kama mlango mbovu. Watoto walinisindikiza, mbwa walinikataa.

Pikapu ilinifikia bondeni, ikapunguza mwendo. Mama alikuwa mbele, leso ikiwa bado usoni. Mchumba wangu alikuwa nyuma kati ya sufuria, macho mekundu, ya vitunguu au ya nini sijui. Nikashika ubao wa pikapu, nikatembea nayo.

"Kesho nitakuja tuongee," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Usije. Mama hawezi kukutazama tena. Na mimi siwezi kuacha kucheka."

Alisema kwa upole kabisa, kama anavyoongea na watoto wake wa chekechea. Kaka akakanyaga mafuta, ubao ukaponyoka mkononi mwangu, na kabla hawajafika kona nikamsikia kule kati ya sufuria ameanza tena kucheka.