Kiti cha Mkwe Nyuma ya Pikipiki

Nicanor Shitanda alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe: hakuweza kuona chuma kimelala chini akakipita. Kila jioni akitoka kiwanda cha nguo, ambako kazi yake ilikuwa kupaka mashine mafuta na kubadilisha mikanda, alirudi nyumbani Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, na kitu mfukoni. Boliti. Nusu ya bawaba. Siku moja mkewe, Musimbi, alikuwa anafua suruali yake akakuta kengele ya baiskeli isiyo na kifuniko.

"Na hii nayo ni ya nini?"

"Itapata kazi," Shitanda akasema. Alijibu hivyo kwa kila chuma alicholeta.

Basi alipotengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwenye shamba moja upande wa Kesses, na mwenye shamba akamuuliza ampe nini, hakuomba gunia. Aliomba pikipiki iliyokuwa stoo. Ilikuwa BSA ndogo, ya Kaburu aliyeondoka kabla ya Uhuru akaiacha imeegemea ukuta. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya, na pale chini palipokuwa pa betri kuku alikuwa ametaga. Mwenye shamba alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia achukue na mayai.

Ilifika Kiplombe juu ya mkokoteni wa punda, mwaka wa themanini na mbili. Ng'ambo ya barabara alikaa Nyaguthii, mjane wa kutoka Nyeri aliyekuwa na duka la sukari na mafuta ya taa, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Baba Seline," akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "umeletea kuku wako kitanda?"

Shitanda akaishusha pikipiki mkokotenini. Mtu anayejua anachotaka hana haja ya kubishana na duka.

Ilimchukua mwaka na zaidi, kila Jumapili baada ya kanisa. Aliloweka boliti ndani ya mafuta ya taa mpaka kutu ikalegea, akasugua fremu kwa msasa mpaka vidole vikawa laini kama vya karani. Tangi lilivuja mahali pengi. Alianza kwa kuziba matundu na sabuni ya kipande, kama mafundi wote wanavyofanya, halafu akaona aibu, akalipeleka likachomelewa vizuri. Pete za pistoni zilitoka Kisumu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, zimetumwa na shemeji yake. Rangi ilikuwa ya kijani, iliyobaki mlango wa kanisa ulipopakwa, na kwa hiyo pikipiki ikafanana na mlango wa kanisa. Siku iliponguruma mara ya kwanza ilitoa moshi wa buluu uliofunika kichochoro kizima. Nyaguthii alizima redio, akatoka nje kutazama. Shitanda alilia mbele ya watu. Alifurahi sana, na hakuona sababu ya kujificha.

Hapo ndipo mama mkwe akaja.

Mama Kageha, mamake Musimbi, alitoka Maragoli akiongozwa na mkono wa mtu wa kanisa. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunga jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kupitia moshi wa jikoni. Sasa, kwa watu wa kwao, mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kutoka mbali. Hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawalali chini ya bati moja. Hawaitani kwa jina, na wakikutana njiani kila mmoja anainamisha uso. Kwa muda wote tangu Musimbi aolewe, Mama Kageha alimjua Shitanda kwa viatu vyake tu. Akitaka kumwambia jambo, alimwambia mtu wa tatu, na mtu wa tatu akalirudia hata kama Shitanda amesimama palepale na amesikia kila neno.

Kwa hivyo Mama Kageha alilala kwa Nyaguthii, kwenye chumba cha nyuma ya duka.

"Nyinyi Waluhya mtaniua," Nyaguthii alisema. "Mama ako na mkwe mwenye nyumba ya vyumba viwili, na analala na magunia yangu ya chumvi."

"Chumvi haijanioa binti," Mama Kageha akamjibu, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Halafu ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja kupasua mtoto wa jicho hospitali ya misheni, ng'ambo ya mji, kwa wiki moja. Mama Kageha alipewa Alhamisi, awe amefika kabla ya saa sita mchana. Atakayekosa angojee mwaka mwingine, na daktari mdogo wa zahanati alikuwa ameshamtazama akasema wazi kwamba jicho la kulia halitafika huo mwaka mwingine. Maana yake ni kwamba akikosa Alhamisi, angekaa gizani mpaka kufa.

Shida ilikuwa nani wa kumpeleka. Magari ya abiria hayakuwa yakifika huko wakati wa mvua, na mwendo wa miguu kutoka stendi ulikuwa mrefu, wenye mitaro. Musimbi ndiyo kwanza amejifungua. Nyaguthii angeenda, lakini Alhamisi hiyo chifu alikuwa ameitisha baraza, na siku zile mwenye duka akikosa baraza la chifu huulizwa kama yeye anapinga serikali. Alibaki Shitanda na pikipiki yake.

Na pikipiki ndogo inabebaje mama mkwe? Aketi nyuma, ashike kiuno cha mume wa binti yake, wapite hivyo katikati ya mji wa Eldoret? Afadhali upofu. Mama Kageha mwenyewe alisema hivyo, na hakuwa anafanya mzaha.

Shitanda akaenda kwenye rundo lake la vyuma. Wiki hiyo kila kitu alichowahi kuokota kilipata kazi. Magurudumu mawili ya baiskeli yakawa ya tela. Fremu ya kitanda ikawa sakafu yake. Juu yake akafunga kiti cha sebuleni chenye mikono, kwa boliti nne, akikigeuza kitazame nyuma, ili yeye na mama mkwe wawe wamepeana migongo na heshima isiguswe. Akarefusha ekzosi itoe moshi pembeni. Tela likaunganishwa na pikipiki kwa bomba moja na pini moja. Pini aliyotaka hakuipata, akapiga msumari mkubwa akaukunja.

"Itashika?" Musimbi aliuliza, mtoto kifuani.

"Itashika."

Waliondoka Alhamisi asubuhi, baridi ile ya Eldoret inayouma masikio. Mama Kageha alikuwa ndani ya blanketi, na mapajani kikapu chenye kuku wa kumshukuru nesi. Nyaguthii alitazama kiti cha sebuleni kikienda barabarani kinyumenyume, akajifunika mdomo kwa leso.

Shitanda aliendesha polepole, macho mbele. Kugeuka nyuma kumtazama mama mkwe asingeweza. Waliteremka mlima, wakapita mashimo, na baada ya mashimo pikipiki ikachangamka ajabu. Ikavuta kama kijana. Shitanda akasikia raha tumboni. Akajisifu: zile pete za Kisumu, ule usafi wa kabureta. Alifika karibu na mji akiimba wimbo wa kanisa, na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara akamwangalia.

"Mzee, hicho chuma unaburuta ni cha nini?"

Ndipo akageuka. Nyuma yake kulikuwa na bomba tupu, limekatika pale penye msumari, linachora barabara.

Akageuza pikipiki. Alirudi mbio, akiona mbele yake kila aina ya maiti, na akamkuta pale chini ya mlima. Tela limeinamia mtaro, gurudumu moja limepinda. Mama Kageha amekaa kwenye kiti, blanketi limenyooka, kikapu mapajani. Hakuwa amepiga kelele. Angemwitaje? Jina la mkwe halitoki mdomoni, na yule jamaa alikuwa anaenda kwa furaha.

Shitanda alisimama mbali kidogo, ameinamisha uso. Hapakuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na mahindi pande zote mbili.

Mama Kageha akafungua kikapu.

"Kuku," akasema, "muulize mwenye pikipiki kama hapa ndipo hospitali."

Shitanda akakigeukia kikapu. "Kuku, mwambie Mama anisamehe. Bomba limekatika. Hapa siwezi kulitengeneza."

"Kuku, muulize jua liko wapi."

"Mwambie limepanda. Mwambie nitakimbia mjini nitafute gari."

"Na gari litafika lini?"

Shitanda akaangalia barabara pande zote mbili; haikuwa na gari. Mama Kageha alielekeza lile jicho lake la moshi mahali ambapo barabara ilikuwa.

"Kuku," akasema mwishowe, "mwambie heshima ikivunjika, wazee watatutengenezea nyumbani. Hili jicho watalitengeneza na nini?"

Akapanda mwenyewe kwenye keria, nyuma ya kiti cha pikipiki, akipapasa, akaketi akitazama nyuma. Kikapu akakiweka katikati yao, akakishika kwa mikono nyuma yake. Hivyo ndivyo walivyopita mjini, mama mkwe akitazama walikotoka, kuku akimdonoa Shitanda mgongoni njia nzima. Watu walisimama kuangalia. Shitanda alisikia aibu mpaka masikioni, na hakupunguza mwendo. Mlinzi alikuwa ameshashika lango la hospitali kulifunga alipowaona, akawangoja wapite.

Jumamosi Shitanda alirudi kumchukua. Tela lilikuwa limenyooshwa, bomba limechomelewa pande zote, na safari hii pini ilikuwa pini ya kweli, aliyoomba kwa fundi wa kiwandani. Kiti kilikuwa palepale, kimetazama nyuma. Aliegesha langoni, akainamisha uso, akangoja.

Mama Kageha alitoka bila kushikwa mkono. Jicho la kushoto lilikuwa bado na bandeji. La kulia lilikuwa wazi. Kikapu kilikuwa kitupu, kuku amebaki kwa nesi.

Alikuja mpaka mbele ya viatu anavyovijua, akasimama. Halafu macho yake yakapanda, polepole, suruali, koti, kola, mpaka usoni. Shitanda alijua anatazamwa. Hakujua aende wapi na uso wake.

"Kumbe una mvi," Mama Kageha akasema.

Hakuwa anamwambia kuku. Alikuwa anamwambia yeye. Shitanda akapapasa nywele zake.

Mama Kageha akazunguka pikipiki yote. Akagusa tangi, akagusa ekzosi ndefu, akainama kuangalia pini, akaivuta mara mbili kwa kidole. Akafika kwenye kiti.

"Baba Seline."

"Naam, Mama."

"Kigeuze hiki kiti. Nataka kuona mahali tunaenda. Na ukiniacha tena, nitakuita kwa jina lako mwenyewe, Maragoli yote isikie."

Shitanda akatoa spana mfukoni, akapiga magoti, akaanza na boliti ya kwanza.