Picha za Nyika ya Marekani Zilipofika Biharamulo

Sisi tuliokulia Biharamulo kabla ya simu, sinema tuliletewa na gari. Lilikuja mara chache, ikatundikwa shuka nyeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba, na kijiji kizima kikakaa chini kutazama makauboi wa Marekani. Kesho yake hakuna aliyechunga ng'ombe sawasawa. Kofia tulisuka kwa majani ya mgomba, bunduki tulichonga kwa mgongo wa jani hilohilo, na ndama mpole akawa farasi. Wahindi Wekundu, wenyeji wa nchi ile, kazi yao ilikuwa kufa tu. Tulikufa vizuri, kwa kelele, mpaka harufu ya viazi vya kuchoma itufufue. Watoto wa leo wanacheza kwa kidole gumba, hata jasho haliwatoki.

Jioni baba alitusimulia ya kwake: jinsi walivyotoka Shinyanga na gari la ng'ombe, mama yetu, Mayu, akiwa amenibeba mgongoni, hadi wakakuta huku pori tupu. "Nililifyeka kwa mikono hii," alisema akitunyooshea viganja. Kwetu sisi, kauboi hasa alikuwa yeye.

Mwezi uliopita yalifika mjini, kwa lori, maonyesho ya michoro na historia ya Wazungu walivyohamia magharibi ya Marekani. Yakapangwa katika ukumbi wa shule. Nikampeleka Mayu, sasa anatembelea mkongojo. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa magari yaliyofunikwa turubai, yakivutwa na maksai.

"Hawa si ndio sisi!" Mayu akacheka hadi ukumbi mzima ukageuka.

Picha iliyofuata ilimkata kicheko. Mafuvu ya nyati yaliyorundikwa kama kilima, na mtu amesimama juu yake.

"Waliwala wote hawa?"

Binti aliyekuwa akituelekeza akasema, "Hapana, bibi. Waliwaua ili wenye nchi wakose chakula, waondoke."

Mayu, mfugaji tangu kuzaliwa, alishika mdomo. Kumbe wale tuliokuwa tukiwaua kwa bunduki za mgomba walikuwa na nyumba, na mama zao!

Tukafika kwenye mchoro mkubwa wa nyika ya dhahabu, hauna hata mtu mmoja. Nikasema, "Kama pori alilolikuta baba."

"Pori gani?" Mayu alinigeukia. "Lile lilikuwa shamba la Bitegeko. Alikuwa amelipumzisha."

Mzee Bitegeko, Msubi, mwenyeji wa huku, alikuwa jirani yetu. Na wiki ileile mdogo wangu Masanja alikuwa amemshitaki Deo, mjukuu wa Bitegeko, kwenye baraza la kata, eti amevuka mpaka. Ushahidi wa Masanja ulikuwa mmoja: baba alikuta pori tupu.

"Bitegeko alitujia na mkuki," Mayu akaendelea. "Wewe ulikuwa unawaka homa, na maziwa yangu yamekauka njiani. Alikutazama, akarudi kwake. Nikajua amekwenda kuita wenzake. Akaja na mkewe. Yule mama alikaa chini, akakunyonyesha. Ndipo tukaonyeshwa pa kulima."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alitaka muwe na fahari."

Nikakaa sakafuni ukumbini, mtu mzima mwenye mvi.

Hatukwenda nyumbani. Tulipitia kwa Masanja, Mayu akamwamuru atufuate, na sote watatu tukaingia uani kwa Deo. Alitusalimu kwa ukavu wa mtu aliyeshitakiwa. Mayu akamsimulia yote akiwa amesimama, akakataa kiti mpaka amalize.

"Kwa hiyo mimi na marehemu baba yako tumenyonya ziwa moja," nikasema.

Deo alinisogelea. "Basi shikamoo, baba mkubwa," akasema, safari hii akiinama.

Masanja hakuinua uso, lakini kesho yake aliiondoa kesi.

Enzi zile mtu alikukuta umelala ndani ya shamba lake, akaangalia kwanza mtoto ana nini. Leo tuna mawe ya mipaka, tuna hati, na watoto wetu wana picha za dunia nzima viganjani. Ila jina la yule mama aliyeninyonyesha nimeuliza kote, kwa Deo, kwa Mayu, kanisani. Hakuna anayelikumbuka.